Mwenye Nyumba wa Mweiga

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya ishirini na sita ya kutokuwepo hapa. Kwenye makaratasi niko ng'ambo, fleti ya orofa ya nne, nikisubiri uraia. Kimwili niko kwa mama, Mweiga, soksi mbili kila mguu, nikimsikiliza ng'ombe akikohoa. Nchi yenyewe siitaji hata humu. Daftari zina midomo.

Miaka kumi na mmoja nimeogesha wazee wa watu huko. Ombi langu liko mezani kwao tangu Februari. Juni mama akapata kiharusi, upande wa kushoto wote. Ningefanyaje? Nikapanda ndege. Sikuwaambia. Fomu inasema ukisafiri uwaarifu. Lakini mtu anaomba kuwa mwananchi, halafu anatoroka? Watasema huyu hatupendi. Heri wasijue. Yonis, mtu wa Nanyuki ninayeishi naye kule, anafungua barua zangu na kunitumia picha. Mpango hauna tundu.

Dada yangu Wakonyo haoni hivyo. Ndiye aliyebaki na mama, ng'ombe na viazi miaka yote. "Si uandike tu barua, uwaambie mamako ni mgonjwa? Iko shida gani?"

Maskini. Hajui serikali za watu.

Jumatano, 9 Julai

Picha kutoka kwa Yonis. Mahojiano! Kwa video, Alhamisi ya tarehe 17, saa nne asubuhi kwa saa zao. Nimekaa chini, juu ya gunia.

Nimesimama. Gunia limenipa wazo. Stoo ya viazi itakuwa fleti! Nimetundika shuka jeupe ukutani, na kalenda yenye picha ya mto wa mji wao. Saa ya ukutani nimeirudisha nyuma saa moja. Ukiangalia kwa simu, na ukiwa huna wasiwasi, ni Ulaya.

Daktari alisema mama asimamishwe kila siku, ajaribu hatua chache. Mama aliniita nimshike mkono. Nilimwambia kesho. Nilikuwa natafuta misumari.

Jumapili, 13 Julai

Balaa. Mzee Hezekiah wa kanisani alinisimamisha mbele ya watu wote, tumshukuru Mungu kwa Muchiri aliyetoka ng'ambo kumwona mama. Akanipiga picha. Kabla ya sadaka ilikuwa tayari kwenye ukurasa wa kanisa, jina langu chini yake.

Baada ya ibada nilimvuta kando nikamweleza. Ni siri. Alinielewa kabisa, hata akanishika mkono. Saa nane mchana akaweka tangazo jipya: ndugu Muchiri anaomba isijulikane kwamba yuko Mweiga, tuheshimu. Watu mia mbili na tatu wameheshimu. Mmoja anaishi mtaa uleule na ofisa atakayenihoji.

Mama aliomba tena nimsimamishe. Nilikuwa kwenye simu na Hezekiah.

Alhamisi, 17 Julai

Ukungu hadi mlangoni. Ile baridi ya Julai inayoingia kwenye meno. Nilivaa jaketi zito, skafu, kofia ya sufu. Saa tano kwetu, ofisa akatokea. Mwanamke wa makamo, blauzi isiyo na mikono, feni inazunguka nyuma yake.

Kule ni kiangazi!

Akauliza kwa upole kama naumwa. Nikasema homa. Ng'ombe akalia. Nikasema jirani. Akauliza kwa sasa naishi wapi. Nikataja fleti, orofa ya nne, bila kupepesa macho.

Hapo mlango ukafunguka. Mama. Amesimama. Hajashikwa na mtu, hana mkongojo. Alikuwa amevuka ua mzima kutoka jikoni, mguu wa kushoto ukiburuta, uso ukicheka upande mmoja. "Muchiri! Ona! Niko na miguu!"

Nikamnyoshea kiganja, kama polisi wa trafiki.

Ofisa akauliza huyo ni nani. Nikajibu kwa Kiingereza safi kwamba ni mwenye nyumba wangu.

Mama hajui Kiingereza. Lakini Wakonyo alikuwa nyuma yake, mikono tayari kumdaka, na yeye anakijua. Mama akamuuliza nimesema nini. Akamwambia, kwa Kikuyu, neno kwa neno. Mama akashika ukuta. Akageuka. Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kuja.

Ofisa alisema mwenye nyumba wangu ana uso wangu. Akauliza mara ya pili, polepole, huyo ni nani. Sasa naona alikuwa ananifungulia mlango. Nikasema Waafrika hufanana.

Akavua miwani. Alisema kwenda kumuuguza mzazi si kosa. Ningewaandikia tu. Ukurasa mmoja. Lakini nilichojibu mara mbili, lazima akiandike.

Ijumaa, 18 Julai

Wakonyo alianza kunisema tangu asubuhi. Mama akamkatiza. "Mwache. Hakudanganya. Nyumba ni yangu."

Kisha akaomba ageuzwe, aangalie ukutani. Leo hajajaribu hata hatua moja. Nilimpelekea uji. Akasema asante, kama anavyowaambia wageni.

Jumanne, 29 Julai

Barua. Yonis ametuma picha bila neno, na Yonis hakosi maneno. Ombi limekataliwa. Si kwa kusafiri. Ni kwa kusema uongo kwenye mahojiano. Naweza kuomba upya baada ya miaka minne. Au nikate rufaa ndani ya siku thelathini, nikiwa na ushahidi.

Miaka minne! Nililia kidogo stoo.

Wakonyo alinikuta huko. Aliniwekea mbele barua ya hospitali: jina la mama, tarehe ya Juni, ugonjwa, sahihi, mhuri. "Hiyo ndiyo ukweli. Iko hapo. Tuma, uombe msamaha."

Nimeisoma mara tatu. Ni barua nzuri. Lakini ukweli peke yake unaonekana mtupu. Unahitaji nguo.

Ijumaa, 1 Agosti

Mwanga! Rufaa itasema siku ile nilikuwa na homa kali, nikapotewa na akili hata nisimjue mama yangu mzazi. Nani atabisha? Nilitaja homa mwenyewe. Kilichobaki ni cheti cha daktari.

Nimetembea hadi kwa daktari wa ng'ombe, yule wa karibu na kiwanda cha maziwa. Mhuri wake ni mkubwa, na neno "Daktari" limekaa juu, limejitenga na mengine. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ilikuwa homa ya kupe. Nimemwambia aandike yoyote. Ameniambia nirudi Jumatatu.

Nimefika nyumbani saa kumi. Wakonyo ananiambia mama ametembea leo hadi kwenye geti, na kurudi, bila kushika kitu. Majirani walitoka wakapiga vigelegele. Aliuliza niko wapi.

Nimemwambia Wakonyo amwambie nilikuwa hospitali.