Kamba ya Mafundo Tisa

Jumatatu, 7 Septemba 1953. Korogwe.
Miezi mitatu tangu nilipostaafu. Miaka ishirini na sita niliita majina ya vibarua alfajiri kwenye shamba la mkonge, watu mia tatu na zaidi, bila kufungua daftari. Leo nimemwita mke wangu Yuditha kwa jina la marehemu dada yake. Mara moja tu! Naye kasema eti kichwa changu kinashika kutu tangu niache kazi. Nimesusa ugali wake. Nimeula baadaye, umepoa.

Jumanne, 8 Septemba.
Jumbe anatafuta mzee wa kukaa naye barazani, anayekumbuka mipaka ya mashamba. Kiti hicho ni changu. Nikikikosa, kazi yangu itakuwa kufukuza kuku mlangoni hadi nife. Jirani yangu Mhina naye anakitaka! Ana miaka sabini na miwili, bado analima shamba lake kule Magoma. Amenishauri nikalime naye, nichangamshe akili. Mimi, karani, nishike jembe? Nimemwambia nitafikiri. Sikufikiri.

Jumatano, 9 Septemba.
Ijumaa mimi na Mhina tutaulizwa barazani majina ya wenye mashamba tisa, kutoka mtoni hadi barabarani, kwa mpangilio. Majina yananitoroka. Lakini nimepata dawa. Kamba ya mkonge, mafundo tisa. Fundo nene ni Sadala, kwa ajili ya tumbo lake. Fundo legevu ni Ponsiano mvivu. Nitaipapasa mfukoni, nani atajua?

Ijumaa, 11 Septemba.
Aibu. Mfukoni hamna kamba! Yuditha ameifungia miguu ya jogoo tuliyempelekea Jumbe. Nikaomba nimshike jogoo mwenyewe, kwa heshima. Nikapapasa miguuni: Sadala, Ponsiano, Yordani. Jogoo akajitikisa, kamba ikazunguka, nikarudi kwa Sadala. Nimemtaja mara tatu. Sadala akasimama kumshukuru Jumbe kwa kumwongezea mashamba. Baraza zima likacheka, Yuditha wa kwanza. Mhina akataja wote tisa, pamoja na baba zao. Kiti kapewa yeye. Nimeumia sana.

Jumamosi, 12 Septemba.
Asubuhi Mhina kaniletea jembe lake la akiba. Kasema kwa upole kwamba Jumatatu twende wote Magoma. Upole huo umeniudhi kuliko kicheko. Kichwa changu ni kizima, kosa ni la jogoo. Jembe nimelificha nisilione. Kisha nimesokota kamba mpya, mafundo ishirini, kila fundo jambo moja la kukumbuka, nimeifunga kiunoni mwangu ili Yuditha asiifikie.

Jioni Mhina amefuata jembe lake, maana lile analolimia limevunjika mpini. Nimemwambia asubiri kidogo. Mahali nilipolificha ni fundo la saba. Au la nane.