Elektroni Mbili za Mzee Likwata

Jumatatu, 15 Septemba

Madam Agnes, mkuu wetu wa shule, ametangaza leo. Jumamosi afisa elimu anapanda huku Rondo kuchagua onyesho moja la sayansi liende Lindi. Moja tu! Na mwalimu atakayechaguliwa, Madam atamsemea kwa afisa huyo kuhusu ajira. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Au saa ya ukutani iliyo nyuma yangu.

Mwaka wa tatu huu nafundisha fizikia kwa kujitolea. Mama huwaambia majirani kwamba mwanawe Bashiru ni mwajiriwa wa serikali. Lazima nipate hiyo ajira, angalau mama aache kutenda dhambi.

Mpinzani ni Kornelio wa baiolojia. Anaonyesha majani ya mkorosho yenye ugonjwa wa ubwiri unga. Majani! Hapa kila mtu anayo uani, bure.

Mimi nitaonyesha kompyuta ya kwanta. Shule haina hata kompyuta ya kawaida. Haidhuru.

Jumanne, 16 Septemba

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Niliandike somo nisije nikalisahau mbele ya mgeni.

Ndani ya kipande cha silikoni wataalamu huifungia elektroni moja mahali padogo mno, panaitwa nukta kwanta. Elektroni ina mzunguko wake, juu au chini. Juu ni moja, chini ni sifuri, kompyuta inahesabu. Ukiipigia mawimbi kwa mdundo wake hasa, inageuka. Mdundo wa jirani haiujali. Na elektroni mbili huingia nukta moja ikiwa tu zimetazama kinyume. Zikitazama upande mmoja, haiwezekani kabisa, dunia nzima.

Kwa hiyo nukta zitakuwa mikeka, mawimbi yatakuwa ngoma, na elektroni zitakuwa watu. Ila nawapata wapi watu wawili wasioweza kutazama upande mmoja?

Nimewapata! Bibi Mboni na Bibi Esha, wake wenza wa Mzee Likwata. Tangu nihamie hapa sijawaona wakikubaliana. Mmoja akisema mvua inakuja, mwenzake anaanika mihogo. Bashiru, una akili!

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nimekwenda kwa Bibi Mboni. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwamba elektroni ya Juu hutazama ofisi ya mkuu, na ya Chini hutazama choo cha wavulana. Akauliza yeye atatazama wapi. Nikasema ofisi, bibi, choo atatazama mke mwenzako. Akakubali kabla sijamaliza.

Mchana nimekwenda kwa Bibi Esha. Maneno yale yale. Naye atatazama ofisi.

Jumamosi mmoja itabidi atazame choo, najua. Lakini mbele ya mgeni watu wa huku hawalalamiki. Wana adabu.

Kila mmoja alitaka kanga ya shughuli. Uwezo wangu ni doti moja. Nimeichukua dukani kwa Abilahi, imeandikwa NIMEPEWA PEKE YANGU, WIVU WA NINI? Nikaikata katikati. Kila bibi nimempa kipande chake kwa siri, nikamwambia cha pili kipo kwa fundi, kinapindwa, na hicho alichonacho asikivae kabla ya Jumamosi. Wamenibariki wote wawili.

Alhamisi, 18 Septemba

Mazoezi. Mzee Likwata mwenyewe ndiye mpiga ngoma. Alikubali upesi sana. Amesema hajawahi kupewa nafasi ya kuwageuza wale wanawake.

Mdundo wa Bibi Mboni ni wa haraka. Wa Bibi Esha unavutwa polepole. Ukipigwa wa haraka, Mboni anageuka na Esha anatulia kama hasikii. Ukipigwa wa polepole, Esha anageuka. Kama kwenye simu kabisa!

Kisha mzee akaishia katikati ya mdundo, na Bibi Esha akabaki amesimama kiubavu. Si ofisini, si chooni. Hali ya juu na chini kwa pamoja, hapa hapa Rondo! Machozi yalinilenga. Ndipo Bibi Mboni akamkodolea macho, na Esha akageuka palepale akampa mgongo. Elektroni ikitazamwa inaamua. Sikumfundisha hilo.

Kasoro moja. Kompyuta ya kwanta hutaka baridi kali, nami niliagiza barafu kwa Abilahi kwa ajili ya kupamba. Kidato cha kwanza wameila.

Kornelio alipita, akauliza kama kuna harusi. Nimemhurumia.

Jumamosi, 20 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Kornelio alianza. Majani, dawa, makofi. Nikafuata mimi. Nilieleza vizuri, wallahi. Afisa alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Nikaziita elektroni.

Bibi Mboni akatokea kulia. Bibi Esha akatokea kushoto. Wote na kanga mpya.

Bibi Mboni akamzunguka Bibi Esha, akamsoma nyuma. Bibi Esha akamzunguka Bibi Mboni, akamsoma nyuma. Mzunguko huo haukuwa kwenye mpango. Esha akamuuliza mwenzake kipande cha pili kiko wapi. Mboni akasema kwa fundi, kinapindwa. Esha akasema hata chake. Wakaulizana wanatakiwa watazame wapi. Ofisi. Ofisi pia.

Basi wakapanda mkeka mmoja, bega kwa bega, wakatazama upande mmoja. Kwangu!

Nikamkonyeza Mzee Likwata. Akapiga wa haraka. Hakuna aliyegeuka. Akapiga wa polepole. Hakuna. Akapiga yote kwa pamoja mpaka jasho likamtoka. Hakuna! Wakaniambia kwa sauti moja, nasema moja, kwamba mtu mzima hapewi kanga nusu.

Afisa akauliza kama kwa kanuni yangu jambo hili linawezekana. Nikasema haliwezekani, mheshimiwa, dunia nzima. Akasema mbona analiona.

Kornelio alicheka mpaka akaangusha majani yake.

Jumatano, 24 Septemba

Kornelio amekwenda Lindi. Mama amepiga simu kuuliza kama mshahara umeshatoka. Nimesema mtandao unasumbua. Roho imeniuma.

Mzee Likwata amekuja. Nimempa shikamoo, ameimeza. Anasema zamani nyumba moja ikimfungia, ya pili ilimfungulia. Sasa wale wanapika chungu kimoja, na akikasirika mmoja wamekasirika wote. Analala barazani. Eti nimemharibia.

Madam ameniita. Kumbe afisa alilielewa somo! Anarudi mwezi ujao kwenye mahafali, na mimi nimepewa nafasi ya mwisho. Ya mwisho, amerudia. Akasema nilichokosea si fizikia, na nikae nijichunguze.

Nimejichunguza jioni nzima. Kosa nimeliona. Niliwachukua wa nyumba moja! Watu wa nyumba moja lazima waulizane. Elektroni zitoke nyumba mbalimbali.

Nimezipata. Joyce na Natalia, wauza vitumbua, mmoja upande huu wa barabara, mwingine ule. Hawasemezani tangu Pasaka. Wote wawili watatazama ofisi.

Kanga nimeshawapelekea. Kipande cha pili kipo kwa fundi, kinapindwa.