Mercyline na Dude la Shimo la Bafuni

Kaeni vyema, enyi mlalao vitanda vya ghorofa na kuoga kwa zamu, mpate kuyasikia aliyoyatenda Mercyline binti wa Nyamira, mlinzi wa malango ya maduka, saa sita unusu mchana, katika chumba cha wanawake sita huko International City, ughaibuni kwa Waarabu.

Kwa majuma mawili shujaa huyu alikuwa akiwasomea wenzake riwaya aliyoiokota kwenye basi la kampuni. Humo wapanda farasi walimiminiana risasi jangwani hata mchanga ukalowa damu. Kisha chini ya mchanga likaamka dude lililokuwako kabla ya nyota, lenye mikono mingi isiyo na mifupa, likawavuta shimoni mmoja mmoja. Kila lilipokaribia lilitoa mlio: gluu, gluu. Mercyline aliuiga mlio huo vizuri kupita kiasi, tena kwa majivuno.

Siku hiyo maji yakagoma kushuka bafuni, na shimo likasema: gluu.

Lynette, mmoja wa wale sita, alitoka mbio na povu kichwani. Hakuna aliyethubutu kuingia tena. Na basi la kampuni huondoka saa saba kamili, naye Severina, mwenzao Mtanzania aliyekwisha kuchelewa mara mbili, alijua kwamba ya tatu ni barua ya kurudishwa kwao.

"Dada Mercyline," akanena Severina, taulo begani, machozi yakimlengalenga, "wewe ndiwe uliyetuletea hilo lidude humu ndani. Nakuomba, litoe."

"Mimi ni nani nikatae?" akajibu shujaa, akivaa glavu za mpira. "Lakini haki, nikivutwa, mwambieni mama nilikufa nikiwa nimevaa glavu."

Akatwaa waya wa kutundikia nguo, akaupinda ncha, akasimama mbali na adui hatua tatu, maana bafu lile halina ya nne. Akafumba macho, kinyume cha mafunzo yote ya ulinzi, akalirukia shimo, akachoma. Kitu kikanasa. Akavuta, nacho kikamvuta. Akapiga ukelele uliosikika hadi ghorofa ya juu, na ndipo likatoka: refu, lenye utelezi, lenye mikono mingi isiyo na mifupa, rangi ya zambarau.

Lynette akainama, akalitazama.

"Mercy, hizi si rasta zako za Ijumaa?"

Zilikuwa zake. Nywele hizo za bandia alizifumua humo humo Ijumaa, riwaya ikiwa wazi juu ya sinki, akiwa amefika pale wanapokufa wote. Aibu iliyompata ilizidi hofu yote ya mchana ule.

"Khalas, yamekwisha," akasema, "nimeliua nililolizaa. Severina, ingia upesi."

Basi na iandikwe katika tarikhi za vita vikuu: maji yalishuka, Severina akaoga kwa dakika nne, akapanda basi saa saba kasoro dakika moja, akamwekea kiti cha dirishani shujaa wake, ambaye hakupata nafasi ya kuoga.