Magurudumu Mawili Magumu, Mawili Laini

Jumatatu, 4 Machi
Nimechelewa tena kazini, hapa ghalani. Mara ya pili! Msimamizi kasema ya tatu nifungashe virago. Na mama watoto kule nyumbani kashautangazia mtaa mzima kuwa msimamizi ni mimi.
Kobe, jirani yangu wa kitanda katika bweni la wafanyakazi, huenda kazini kwa miguu na hajachelewa hata siku moja. Kaniambia, ndugu yangu, si uamke mapema tu? Ushauri wa watu wasio na akili.
Mimi nimeokota jalalani ubao wa magurudumu manne, ule vijana husimama juu yake wakateleza. Magurudumu yameliwa. Nitanunua mengine.

Jumanne, 5 Machi
Fundi wa magurudumu anapenda kusomesha watu. Eti namba iliyoandikwa kwenye gurudumu ikipanda, ugumu unapanda. Magumu ni ya sakafu laini na ya vijana wa kurukaruka. Laini ni ya barabara mbovu, yanameza vijiwe. Nikamwambia nimesukuma toroli miaka kumi na moja, sifundishwi gurudumu. Nikayang’ata yote. Nimechukua manne yaliyonishinda meno: namba 101. Kigumu hudumu!

Jumatano, 6 Machi
Jioni baada ya kazi nimeujaribu ubao. Barabara yetu ni kokoto tupu. Meno yaligongana kama vikombe kwenye sinia. Kisha kijiwe kimoja, kidogo kama harage, kikausimamisha ubao. Mimi sikusimama. Goti limevimba. Kobe kalikanda kwa maji ya moto huku akicheka. Sijamsamehe.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa fundi tena. Kauliza napita wapi. Nikasema kokoto hadi getini, halafu ndani sakafu ya saruji inayong’aa hadi mashine ya kugongea kadi za kuingia kazini. Kasema, basi mzee, weka laini yote, ndani utapunguza mwendo kidogo tu. Kidogo! Nina kidogo cha kupoteza mimi?
Nimechukua laini mawili, nimeyafunga kushoto. Magumu mawili yamebaki kulia. Kila sakafu na haki yake. Fundi kashika kichwa. Kwa mshangao, nadhani.

Ijumaa, 8 Machi
Sikulala. Nilifika getini dakika tisa kabla ya muda. Tisa! Nikaingia ndani kwa kishindo, mashine ya kadi naiona kabisa. Ubao ukakata kushoto wenyewe. Nikazama chini ya rafu, maboksi yakanifunika. Kobe akapita polepole, akagonga kadi. Nilipochomolewa, muda umepita.
Msimamizi kasema hii ni ya tatu, nirudi nyumbani. Kobe akamwomba, jamani bosi, huyu alikuwa ndani mapema kuliko sisi sote, chini ya maboksi lakini ndani. Msimamizi akacheka, bahati yangu. Nimebaki, ila kuanzia Jumatatu nafagia uwanja, naingia saa nzima kabla ya wengine.

Jumapili, 10 Machi
Kobe kasema ataniamsha, twende pamoja kwa miguu. Nimemwitikia ili anyamaze.
Kosa nimeliona. Magumu yalikuwa upande usio wake! Nimeyahamishia kushoto, laini kulia. Sasa ubao ukikata, utakata kulia, na kulia hakuna boksi hata moja. Kuna mlango wa kioo tu, wa ofisi ya msimamizi.