Visigino vya Mama Raho

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepata njia ya kumwoa Filsan. Mama yake, Mama Raho, anaumwa kisigino. Anachechemea kutoka mtaa wa Waberi hadi sokoni huku akiomba Mungu. Mimi ni fundi viatu. Dagane, anayemtaka Filsan pia, anauza tu viatu vilivyoshonwa na wengine. Nimewaza hivi: kisigino kinauma kwa sababu kinakanyaga chini. Kikiinuliwa, kitapumzika. Rahisi kabisa.

Jumanne, 4 Novemba
Nimemaliza. Soli ya tairi la lori, kisigino kirefu, mbele nimebana ili mguu usiteleze. Filsan akauliza kama ni viatu au ngazi. Mama Raho alivaa, akafika mlangoni, akasema maumivu yamekwisha. Akaniita mwanangu. Nilipita dukani kwa Dagane makusudi, nikamsalimu kwa upole wa mshindi.

Alhamisi, 6 Novemba
Mambo si mazuri. Uzito wote umehamia vidoleni. Mama Raho anapiga hatua fupi, magoti yamepinda, kifua mbele, kama mtu anayeteremka mlima. Garissa haina mlima. Nikamwambia mwili utazoea. Leo kwenye soko la mifugo alishindwa kusimama, akaenda mbele moja kwa moja hadi akaikumbatia shingo ya ngamia. Ngamia akaondoka naye. Aliyemwokoa ni Dagane. Dagane alifuata nini huko? Hana hata mbuzi.

Ijumaa, 7 Novemba
Dagane amempelekea raba pana, soli laini, kisigino kifupi. Anatembea vizuri, alhamdulillahi. Dagane amealikwa chakula. Mimi pia niliitwa, nikachukue viatu vyangu. Mama Raho alinipa mkononi, akasema, "Warsame, wewe uliuliza kisigino tu. Vidole hukuviuliza." Filsan alicheka mpaka akakaa chini. Dagane alikuwa anakula pilau.

Jumamosi, 8 Novemba
Sikulala vizuri, lakini nimeelewa. Mama Raho yuko sahihi. Kisigino kikiinuka, uzito huenda mbele. Basi kosa langu ni dogo: niliinua upande usiofaa. Filsan ametuma ujumbe nisiuguse tena mguu wa mama yake. Sitaugusa, wallahi. Ila baba yake, Mzee Alio, analalamikia vidole. Mbele nitainua vizuri, visiguse kitu. Kipimo ninacho tayari. Nilikichukua jana, alipoacha viatu mlangoni mwa msikiti.