Alama ya X Ukutani Kwangu

Jumatatu, 1 Septemba
Mkutano wa mtaa hapa Tegeta. Afisa mipango miji ni binti tu, Herieth, umri wake haufiki hata miaka yangu ya ukarani. Kanipa shikamoo, nikaitikia kwa shingo upande. Kasema mabasi ya mwendokasi yakifika huku, kituo peke yake hakitoshi: watu wapate njia ya miguu, bajaji zipate pa kuegesha, maduka yawe jirani. Njia hiyo inaweza kupita kiwanjani kwangu au kwa jirani yangu Nurdin, mchonga vinyago. Zinatakiwa hatua tatu tu za upana, mwenye kiwanja azitoe kwa hiari. Bure! Nurdin kanyoosha mkono papo hapo. "Mie sina ishu, watu wapite tu." Wajinga ndio waliwao. Mimi mikono yangu nimeiweka mfukoni. Ninachotaka ni X ya kubomolewa, na fidia yake.

Jumatano, 3 Septemba
Siku mbili, hakuna aliyekuja kuchora X. Uzembe! Nimeamua kujihudumia. Dukani walikuwa na rangi nyekundu tu. Nimepiga X moja kubwa ukutani, mistari imenyooka kwa rula. Mke wangu Auleria, anayeuza supu na chapati barazani, kauliza nimepatwa na nini. Nimemweleza kwamba mipango miji haipikwi kwenye sufuria.

Jumamosi, 6 Septemba
Supu imelala. Wateja wakiiona X wanapita mbio, utadhani ukuta unaanguka leo. Venance, kinyozi aliyepanga fremu yetu ya biashara, kaondoka na kiti chake na kioo. Kasema hawezi kunyoa mtu huku anasikilizia greda. Mwoga! Auleria hanisemeshi. Imeniuma, nakiri, maana tangu nistaafu supu yake ndiyo inayotulisha.

Jumanne, 9 Septemba
Herieth kaja na mjumbe wetu, Mzee Kondo. Kauliza kwa adabu nani kachora. Nikasema labda wenzake wa ofisini. Akatazama vidole vyangu. Rangi ile haitoki hata kwa mafuta ya taa! Kisha kanieleza polepole, kama mwalimu wa chekechea: X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, huyo hubomolewa bila kulipwa hata senti. Ya fidia ni ya kijani. Na kwenye mtaa wetu hakuna nyumba hata moja ya kubomolewa. Mzee Kondo alicheka mpaka akaegemea ukuta wangu. Njia inapita kwa Nurdin, basi.

Jioni nimeongeza X ya kijani. Tahadhari.

Ijumaa, 19 Septemba
Njia imeshindiliwa kifusi. Mtaa mzima unapita kwa Nurdin kwenda barabarani, na bajaji zimejipanga kwenye kona yake. Vinyago vyake, ambavyo havikuwa na mnunuzi, sasa vinasimamisha watu. Auleria kahamishia kwake jiko, masufuria na mabenchi. Kasema nikitaka supu nipange foleni na wenzangu. Nimepanga. Nilikuwa wa tisa, na mapupu yaliishia kwa wa nane.

Jumapili, 21 Septemba
Baada ya misa, Benedikto wa kwaya kanifungua macho. Kumbe hata mazao hulipiwa fidia! Nimenunua miche thelathini ya minazi. Kumi na minane imeenea uani. Iliyobaki nimeipanda ndani ya fremu ya Venance, baada ya kuvunja sakafu. Auleria kaja kuchukua mwiko, kaona mashimo, kauliza kama nimelogwa. Nimemwambia atanielewa siku ya malipo. Kaondoka na mwiko, na godoro pia.

Namhurumia Nurdin. Kiwanja chake kimejaa watu, hana hata pa kupanda mnazi mmoja.