Nilivyoukataa Ufadhili Ambao Sikupewa

Jumatatu, 7 Julai

Barua imefika. Nimeisoma katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, simu ikiwa na chaji asilimia nne. Eti wanasikitika kunifahamisha. Wanasikitika! Wangesikitika kweli wangenipa.

Waombaji mia nne na kumi na wawili kutoka Kisii na Nyamira. Nafasi sita. Chuo kikuu Nairobi, karo yote, malazi, chakula. Na mimi, Ogoti Masese, mwanafunzi bora wa mwaka wetu (ukiondoa wanne), nje!

Wamewataja waliochaguliwa. Wa tatu ni Phanice Nyanchama. Phanice! Shamba lao limepakana na letu hapa Ikonge. Mpaka leo ana kitabu changu cha hesabu. Bila shaka ndicho kilichoshinda.

Kuna tatizo dogo. Tangu mahojiano ya mwezi jana nimekuwa nikiwaambia watu nimepata. Sikudanganya. Nilitangulia tu. Baba ameshatangaza kwenye kituo cha chai, na fundi wa sokoni amenipima suti.

Jumanne, 8 Julai

Suluhisho limepatikana kabla ya uji. Nimewaambia wazazi kwamba ufadhili nimeukataa. Kwa ajili ya msimamo. Mama akauliza msimamo gani. Nikasema masharti yao yanadhalilisha. Akauliza sharti lipi hasa. Huyu mama angekuwa hakimu. Baba alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ili nisiwe mwongo, nimewaandikia wafadhili baruapepe: Mimi, Ogoti Masese, naukataa ufadhili wenu kwa dharau inayostahili. Jibu likaja kabla ya saa sita. Wanasema hawawezi kupokea kukataa kwangu kwa sababu hakuna nilichopewa. Ona ujinga! Hata kukataa wananinyima.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Kisii mjini, ofisini kwao, ghorofa ya pili. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa msichana anayeitwa Anisa, wa familia inayouza vitambaa pale mjini. Naye amekosa. Nikamuuliza kama amekuja kulalamika. Akasema la, amekuja kuuliza alikosea wapi. Kuuliza! Na daftari amebeba! Nilimwonea huruma.

Bwana Omwenga, mkuu wa ofisi, alimwambia kwamba karatasi zake zilikuwa nzuri ila katika mahojiano alizungukazunguka. Akaandika. Akashukuru. Unamshukuruje mtu aliyekukataa?

Zamu yangu ikafika. Nikamtaka Bwana Omwenga anieleze WAO walikosea wapi. Akavuta faili langu. Kumbe fomu ilikuwa na swali: Eleza wakati mmoja uliposhindwa, na ulichofanya baadaye. Ukurasa mzima. Mimi nilikuwa nimejibu kwa neno moja: Sijawahi.

Akasema majaji waliigeuza karatasi wakitafuta yaliyobaki. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo lugha ya mkato. Anisa alikuwa bado mlangoni, ameziba mdomo kwa mtandio. Kikohozi, nadhani.

Alhamisi, 10 Julai

Mkakati mpya: Phanice mwenyewe. Akiahirisha, nafasi itarudi kwa wenye sifa.

Nimemkuta akichuma chai upande wao wa mpaka. Nikamweleza kwa upole wa jirani mwema. Maji ya Nairobi yana ladha ya bomba. Wahadhiri hawajui majina ya watu. Ndizi za kule hazina hadhi ya kuitwa ndizi. Afadhali asubiri mwaka mmoja, na mimi nitajitolea kuubeba huo mzigo. Nilizungumza vizuri mno. Yeye mikono yote miwili ilikuwa inachuma tu, kikapu chake kinajaa, changu majani hayajafunika hata kitako chake.

"Ogoti, umemaliza?" akaniuliza hatimaye.

"Bado."

"Basi nishikie kikapu nikanywe maji."

Nikakishika. Nusu saa! Mabega yananiuma hata sasa. Huyo ndiye kiongozi wa kesho waliyemchagua.

Jumamosi, 12 Julai

Sabato mbaya kuliko zote. Mzee wa kanisa akamsimamisha Phanice, kanisa likampigia makofi. Halafu akasema tusimsahau Ogoti, mtoto wetu mwingine aliyebarikiwa! Baba alikuwa hajamweleza chochote. Nikasimama. Nikasema kwamba nilipewa, nikasali, nikaongozwa kukataa. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kuniombea kwa sauti, akitaja mapepo.

Phanice aligeuka akanitazama. Anajua. Orodha anayo.

Baada ya ibada akaniita kando, karibu na tangi la maji. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akasema Bwana Omwenga amempigia simu, kwa kuwa yangu haipatikani: mmoja wa wale sita, mvulana wa Suneka, amepata chuo nje ya nchi na ameiacha nafasi. Ofisi itawahoji tena watatu waliokaribia. Anisa yumo. Mwingine ni wa Magwagwa. Wa tatu ni mimi.

"Mimi?"

"Hisabati yako ilikuwa juu kuliko yangu. Ni lile jibu lako tu. Andika upya ule ukurasa mmoja, uende nao Jumatatu."

Nikamwambia haiwezekani. Nimekataa mbele ya kanisa. Nikirudi, watu watajua sikuwa nimepewa.

"Ndiyo, watajua," akasema, na kwenda zake. Hana hata adabu ya kubishana.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi baba aliniita nimsaidie kukata majani ya ng'ombe. Tukakata. Tulipofika mwisho wa mstari akachomeka panga ardhini.

"Phanice amenieleza habari za kesho."

"Tata, mimi nimeshakataa."

"Hukukataa." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu vifaranga. "Nami nilipomaliza shule, mwaka wa tisini na nne, niliwaambia watu nimekikataa chuo cha ualimu. Wakanisifu sana. Ukweli ni kwamba jina langu halikuwemo."

Nami nikachomeka panga langu.

"Mwaka uliofuata wakatafuta watu tena. Marafiki zangu wawili waliokuwa wameachwa wakaomba, wakapata. Mimi nikaona haya kwenda kuomba kitu nilichosema sikitaki. Nikakaa. Wao leo ni walimu wakuu. Mimi nakata majani."

Kisha akasema, bila kunitazama: "Mwanangu, nenda kesho. Aibu ni ya siku mbili."

Nilimtazama baba, lile koti lake la zamani la kanisani ambalo sasa ni la shambani, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Nikaona somo kubwa mbele yangu, wazi kabisa.

Hiyo ndiyo hadithi ya kushindwa niliyokuwa naitafuta! Nimeiandika yote kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa mmoja kamili. Nimeweka "mimi" mahali pa "baba".

Jumatatu, 14 Julai

Mahojiano. Majaji watatu, Bwana Omwenga katikati. Alisoma ukurasa wangu kwa sauti, na jaji mama wa upande wa kushoto akatoa kitambaa akafuta macho. Nikajua tayari.

Bwana Omwenga akarudi kwenye mstari wa kwanza. Akauliza kama nina hakika na pale paliposema "nilipomaliza shule mwaka 1994". Nikasema nina hakika kabisa. Akauliza nilizaliwa lini. Nikasema 2006. Jaji mama akakirudisha kitambaa mkobani.

Wakaniuliza kama nina la kuongeza. Nikawaambia wasome hisia, wasisome tarehe. Bwana Omwenga akaandika kitu kirefu sana. Ishara nzuri.

Alhamisi, 17 Julai

Anisa!

Amepewa Anisa! Phanice ndiye aliyeniletea habari, kwa sababu sasa wanapigiana simu kila siku kama ndugu. Eti Anisa aliandika jinsi alivyoshindwa katika mahojiano ya kwanza, akauliza, akafanya mazoezi mbele ya shangazi zake mpaka akaacha kuzungukazunguka. Kushindwa kwenyewe amekugeuza kuwa jibu! Na wao wakampa! Nchi hii haitaendelea.

Baba aliuliza mimi niliandika nini. Nikampa nakala. Aliisoma amesimama. Alipofika katikati akakaa juu ya rundo la majani ya ng'ombe. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hana sauti, machozi yanamtoka.

"Kwa hiyo," akasema alipoweza, "nimekataliwa mara ya pili."

Mama alitoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akasomewa. Sasa wako wawili. Hakuna aliyefikiria kunipa pole.

Jumapili, 20 Julai

Phanice ameniletea kitabu changu cha hesabu pamoja na fomu za ufadhili mwingine, wa kaunti, mwisho ni mwezi ujao. Amezungushia kalamu maswali ninayopaswa kuyajibu kwa urefu. Nimezipokea kwa heshima na kuziweka chini ya godoro. Mtu wa uzoefu wangu hajazi fomu. Huwafundisha wanaojaza.

Leo nimebandika tangazo sokoni: Jinsi ya Kushinda Ufadhili, mafunzo ya siku mbili, mkufunzi O. Masese, amewahi kufika hatua za mwisho. Ukumbi ni banda la ng'ombe la nyumbani, ng'ombe atahamishwa.

Mpaka jioni wamejiandikisha vijana watano. Nimewahoji mmoja mmoja. Wawili waliniuliza mimi mwenyewe nilipata ufadhili gani.

Hao nimewakataa. Lazima tuwe na viwango.